Nyumba ya Mwisho kwenye Waya

Jumanne jioni taa za Fintan Gallogly ziliwaka, zangu hazikuwaka, na papo hapo nikajua kuna mchezo unachezwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Mimi si mtu wa kijicho, na Fintan tumekuwa majirani miaka thelathini na mmoja. Lakini waya unaompelekea yeye umeme ndio huohuo unaoniletea mimi. Unaacha barabara kule chini kanisani, unapanda kilima, unapita uani kwake, halafu unashuka mita mia sita mpaka ukutani kwetu, basi, umefika mwisho. Mbele yetu ni kinamasi na kondoo wa watu. Sasa umeme upande kilima kizima, ufike mlangoni kwa Fintan, halafu uchoke hapo?

"Ana mtu wake kule ofisini," nilimwambia mume wangu. "Yule binamu yake."

Malachy alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, mrija wa oksijeni puani, blanketi magotini. "Binamu yake anauza viatu, Dympna," akasema. "Viatu vya watoto."

"Huyo ni mwingine."

Hakubishana. Kubishana kunataka pumzi, na pumzi ndiyo tuliyokuwa tukiipima.

Dhoruba ilipiga Ijumaa alfajiri. Ilipofika saa mbili asubuhi hatukuwa na umeme, hatukuwa na maji kwa sababu pampu ya kisima ni ya umeme, na simu zote zilikuwa zimekufa maana hata mnara wa simu unakula umeme. Hayo yote mtu unayavumilia. Nilichota maji kijitoni, nilipika viazi juu ya jiko la kuni, nikawasha mishumaa ya kanisani niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya Pasaka. Lakini mume wangu anapumua kwa mashine. Alikata mawe miaka arobaini, na vumbi la mawe lilimmaliza mapafu. Mashine inanguruma pale pembeni, inachukua hewa ya chumbani na kumpa iliyo safi. Bila umeme ni sanduku la kuwekea magazeti.

Betri yake ilitubeba siku ile ya Ijumaa. Baada ya hapo tulikuwa na mitungi sita ya oksijeni ya akiba, kila mmoja wa saa kumi. Daktari alisema saa kumi na sita kwa siku. Nikambania mpaka kumi, mtungi mmoja kwa siku, na saa zilizobaki alikaa bila kusema wala kusogea. Gari la kuleta mitungi mingine lilikuwa la Jumatatu ya wiki inayofuata. Kwa hiyo tulikuwa na mitungi ya kutufikisha Alhamisi, na baada ya Alhamisi hakuna kitu.

Mtaniuliza mbona sikutafuta watu wa kumbeba mpaka barabarani apelekwe hospitali. Nilimwambia. Mara ya mwisho alipopelekwa alilazwa siku mbili juu ya kitanda cha magurudumu kwenye korido, watu wakipita na mifuko yao ya chipsi juu ya kichwa chake, na akaniapisha kwamba harudi huko akiwa hai. Mimi nikiapa nimeapa.

Turudi kwa Fintan. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni miti. Huku kwetu kila mtu alipanda misonobari, maana ardhi haizai kingine, na miti ile ikishakua inasimama mirefu na mizizi yake imeshika matope tu. Miaka mitatu iliyopita kampuni ya umeme ilituma watu nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi. Walitaka kukata miti mita kumi na tano kila upande wa waya, ili dhoruba ikija miti ianguke chini isiangukie umeme. Mimi nilimtazama yule kijana wao na viatu vyake visafi nikajiuliza, tangu lini hawa wakajali kama mimi nina taa? Leo wanakata miti, kesho wanapitisha barabara, keshokutwa ardhi si yako. Nikamrudishia karatasi yake. Fintan akatia sahihi. Miti ya miaka ishirini na mitano, safu nzima, ikakatwa ikalazwa chini, na yeye amesimama pale anaangalia kama anatazama mechi. Nani anakubali hasara ya namna ile bila kupewa kitu? Nilimwambia Malachy wakati ule ule kwamba iko siku tutajua alipewa nini. Basi Jumanne ile nikajua.

Na kulikuwa na jambo la mafundi. Mafundi wa hapa hawakutosha, wakaletwa wengine kutoka Ufini, na waliopangiwa kilima chetu walikuwa wanne. Mkubwa wao aliitwa Veijo, mtu mrefu wa ndevu nyeupe, anaongea kama vile maneno anayanunua. Jumapili alikuja mpaka mlangoni kwangu. Nikamkaribisha ndani na buti zake za matope, nikampa chai na mkate wa magadi wenye siagi, akala vipande vitatu. Aliuliza mawili matatu, akabonyeza kishikwambi chake, akashukuru, akaenda. Na mtu huyo huyo aliyekula mkate wangu akaenda akamwashia Fintan.

Jumatano asubuhi akarudi. Safari hii hakuingia, alisimama getini. Nilimwona anatazama nyumba, anatazama bomba la moshi, anatazama dirisha la chumba anacholala Malachy. Nikajua ametumwa. Fintan anataka kujua tunaendeleaje, hana uso wa kuja mwenyewe, anatuma Mfini. Nikatoka na koti juu ya gauni la kulalia, nikazungumza naye kwa adabu kama nilivyolelewa, nikahakikisha anaondoka.

Mchana Fintan akaja mwenyewe. Hapo nikasema, enhe, jasusi hajaleta habari za kutosha.

Alivua kofia. Ni mtu mfupi, mashavu mekundu, anaongea huku anatazama viatu vyake. "Dympna. Mnaendeleaje?"

"Tunaendelea vizuri, Fintan. Nyie je? Naona mnaona."

"Ndiyo, umeme umerudi jana." Aliona aibu, na mimi nikaipenda aibu ile. "Sasa mimi jenereta yangu sina kazi nayo tena. Nikasema niilete, kwa ajili ya Malachy."

"Hapana, usijisumbue."

"Si usumbufu. Iko kwenye trela kule juu, nitakata njia niishushe."

"Tunashukuru, lakini hatuna shida. Wapo wenye shida kuliko sisi."

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa hapa analijua na hakuna anayelisema. Ukiletewa kitu, unakataa. Unaletewa tena, unakataa tena. Mara ya tatu unasema haya basi, kama huna kazi nacho, na mwenzako naye anafurahi. Hata chai tunakunywa hivyo. Mtu anayepokea mara ya kwanza tunamwona hana malezi. Kwa hiyo nilisimama pale mlangoni nikisubiri mara ya tatu ya Fintan, na nilikuwa nimeshaamua kwamba nitaichukua ile jenereta hata kama ni ya mnafiki, kwa sababu mume wangu alikuwa ndani na mtungi wa tano.

Fintan aliniangalia usoni. Sijui aliona nini. Nadhani aliona nilichokuwa nafikiri juu yake. Akavaa kofia.

"Sawa," akasema. "Kina McGoldrick wana ng'ombe sitini hawajakamuliwa tangu jana. Nitawapelekea wao."

Nikafunga mlango, nikamlaani. Siku hiyo nzima nilimlaani.

Alhamisi asubuhi nilifungua mtungi wa sita. Malachy aliutazama mshale wake, akanitazama mimi, akasema, "Huu ndio wa mwisho?"

"Watafika leo," nikasema. "Lala."

Kufika alasiri midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Nilichukua darubini yake ya kutazamia ndege nikaenda kwenye dirisha la juu. Niliwaona mafundi wote wanne uani kwa Fintan, na gari lao lenye kikapu cha kupandia. Mke wake, Assumpta, alikuwa anawagawia sahani. Fintan alisimama na Veijo kando kidogo, na mkono wa Fintan ulikuwa unakwenda na kurudi. Alionyesha bondeni kwetu, akatikisa kichwa, akaonyesha tena. Veijo akatikisa kichwa pia. Halafu Veijo akawaita wenzake, wakaanza kufunga vifaa, na gari likageuzwa mdomo kuelekea barabarani.

Niliishusha darubini. Nimeona kwa macho yangu. Amewaambia wasije.

Nilimwekea Malachy kengele ya mkononi, nikamwambia nakwenda kuchota maji, nikapanda kilima kwa miguu. Njia imefungwa na miti yetu, miti arobaini na zaidi, imelala juu ya waya kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Niliruka, nikatambaa, nikachana soksi. Mimi nina miaka sitini na sita. Nilipotokea uani kwa Fintan nilikuwa na matope mpaka kiunoni, na sikusalimia mtu.

"Mnakwenda wapi?" nikamuuliza Veijo.

"Upande mwingine wa ziwa," akasema. "Kuna nyumba tisa."

"Na mimi?"

"Wewe ni Jumanne."

"Jumanne gani? Ijayo?" Nikamgeukia Fintan. "Umewapa nini, Fintan? Sema mbele ya mkeo. Umewapa nini hata wakuwashie wewe na mimi waniruke? Nimekuona na darubini, unawaonyesha kwetu, unawakataza."

Assumpta alishusha sahani.

Veijo ndiye aliyejibu. "Huyu?" akasema. "Huyu ananiambia twende kwako. Jumatatu aliniambia. Jana aliniambia. Leo tena. Anasema kwako kuna mgonjwa wa mashine."

"Sasa kama amekwambia, mbona huji?"

Akatoa kishikwambi, akakifuta kwa mkono wa koti, akasoma taratibu. "Jumapili. Nyumba ya mwisho. Nimeuliza, kuna mgonjwa, kuna mashine ya hospitali? Mama mwenye nyumba amesema hapana, wako vizuri kabisa, mzee anakohoa kidogo tu, kuna watu wenye shida zaidi. Jumatano. Nimerudi kwa sababu jirani amesema. Nimeuliza tena. Mama amesema jirani anapenda kuongea, hakuna mgonjwa, nenda kwa wengine." Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo. "Pia kuna orodha ya kampuni, nyumba zote zenye mashine za wagonjwa. Tunaanza na hizo. Nyumba yako haimo."

Orodha ile nilikuwa naijua. Fomu ililetwa na posta vuli iliyopita. Niliona ni ya kutuandika pamoja na maskini na vikongwe, watu wakajue ya nyumbani kwetu, nikaitia kwenye jiko.

"Ulipaswa kuuliza tena," nikamwambia Veijo. Sauti haikuwa yangu. "Mtu unauliza mara tatu."

"Kwetu," akasema, "mtu akisema hana shida, hana shida."

Fintan alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi. "Dympna," akasema polepole, "Malachy amebakiza mitungi mingapi?"

Na hapo, nasema kweli, kwa sekunde nzima neno lililokuja mdomoni mwangu lilikuwa "tunatosheka." Lilikuja lenyewe. Nikalimeza. "Mmoja," nikasema. "Tangu asubuhi. Midomo inabadilika rangi. Nisaidieni, tafadhali."

Sijawahi kuomba kitu namna ile mbele za watu. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Ile jenereta ilikuwa kwa McGoldrick, ng'ambo ya kilima, na Fintan aliwasha trekta kabla sijamaliza sentensi. Mafundi wawili wa Veijo walichukua misumeno yao ya mashine wakaanza kukata njia kutoka juu ili trekta ipite. Veijo alinipa karatasi juu ya boneti ya gari, ile ile ya mita kumi na tano, maana bila ruhusa yangu angeweza tu kutoa miti iliyoanguka, na iliyosimama ingetuangukia tena mwaka kesho. Nikatia sahihi bila kusoma. Nikarudi nyumbani nikikimbia na kuanguka.

Malachy alikuwa macho. Kengele ilikuwa sakafuni. Kucha zake zilikuwa na rangi ile ile ya midomo, na mshale wa mtungi ulikuwa umegusa chini. Nilipiga magoti nikamshika mikono, nikamwambia Fintan anakuja, Fintan anakuja, mara sijui ngapi. Ilichukua saa moja na robo. Nilisikia misumeno ikikaribia, halafu trekta, halafu Fintan akaingia na waya begani bila kubisha hodi, na mashine ikaanza kunguruma. Nililia pale pale, mbele yake.

Tukakaa watatu tukisubiri rangi irudi. Ilirudi kidogokidogo, kwanza masikioni. Fintan alikuwa anajipangusa jasho. Alitaka kusema kitu chepesi, nadhani, ili kupunguza uzito wa chumba, naye si mtu wa maneno.

"Yule Mfini ni mgumu," akasema. "Nilimwambia mara tatu, Malachy. Kila nikimwambia, ananisomea alichoambiwa na Dympna. Hakuna mgonjwa, hakuna mgonjwa."

Malachy aligeuza kichwa kwenye mto. Hakumtazama Fintan.

Fintan alipoondoka nilianza kupanga vikombe. Nilijua linakuja.

"Ulisema hakuna mgonjwa."

"Wewe ulikuwepo Jumapili," nikasema. "Ulikaa hapo hapo. Uliuvua mrija ukaficha chini ya blanketi ili asiuone, ukamkaribisha kama mtu mzima wa afya. Mbona hukusema wewe?"

"Nilikuwa nasubiri unisemee."

"Na mimi nilikuwa nasubiri aulize tena. Unajua tunavyosema, Malachy. Ni maneno tu ya mdomoni."

Akavuta pumzi mbili tatu kwa mashine. "Na Jumatano?"

Sikujibu haraka. Hilo ndilo kosa. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza kwamba Jumatano nilidhani yule mtu ni mpelelezi wa Fintan, na jambo lile nilipolisikia kichwani mwangu lilikuwa la kijinga kiasi kwamba sikuweza kulitoa. Nikanyamaza muda mrefu mno. Alinitazama, na nikaona kitu kinapita machoni mwake nilichokifahamu vizuri, kwa sababu nilikuwa nimekibeba wiki nzima nikimtazama nacho Fintan.

Miaka minne namwogesha. Miaka minne sijalala usiku mzima. Kuna siku nimekaa jikoni nikawaza maisha yatakuwaje baadaye, na kila anayeuguza mtu amewaza hivyo, na anayebisha ni mwongo. Lakini kuwaza si kutaka. Nilitaka kumwambia hivyo. Ukimwambia mtu hivyo, umekwisha.

"Umechoka, Dympna," akasema. Basi. Akafumba macho.

Umeme ulirudi Jumamosi. Miti yetu imekatwa mita kumi na tano kila upande, na sasa kutoka dirishani ninaona mpaka uani kwa Fintan, nguzo zote mpya zimesimama wazi, hakuna cha kuziangukia. Wanasema dhoruba kama ile ikirudi hatutakaa gizani hata siku moja. Pengine ni kweli.

Malachy anaendelea vizuri. Sasa mshale wa mtungi anausoma mwenyewe. Muuguzi akija, anamuuliza yeye badala ya kuniuliza mimi. Dawa ninazompa anazigeuza kiganjani kwanza, mara moja tu, haraka, halafu anazimeza. Hajanitamkia neno baya hata moja.

Jumatatu alimwomba muuguzi amletee fomu ya ile orodha ya kampuni. Aliijaza peke yake mezani, asubuhi nzima, kwa mwandiko wake mkubwa wa mtu wa mawe. Jina, anwani, aina ya mashine. Alipomaliza aliiweka kwenye bahasha wazi akaniomba nikaitie posta.

Niliisoma nikiwa njiani. Penye mstari wa mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura, aliandika Fintan Gallogly, na namba ya Fintan.

Nikailamba bahasha, nikaifunga, nikaitia posta.